Diski inapobeba mzigo wa RAM: niliyojifunza kwa kompyuta kuukuu za Lamu

Kompyuta nyingi zinazovushwa kutoka Mokowe kuja kisiwani kwetu si mpya. Zimetumika ofisini Nairobi au Mombasa, zikauzwa, zikauzwa tena, na zinapofika mikononi mwangu huku Langoni huwa na RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya gigabaiti 2 au 4 na diski ya kuzunguka iliyokwisha kula miaka yake. Wenyewe hawana fedha za kununua nyingine. Mwalimu wa madrasa, kijana wa saiba (duka la intaneti), mama anayeweka hesabu za biashara yake ya mikate, wote wanataka jambo moja: hii hii waliyo nayo ifanye kazi. Kwa hiyo kwa miaka mingi imenibidi niuelewe vizuri mpango ambao mfumo endeshi, kama Windows au Linux, huutumia kuifanya diski isaidie pale RAM isipotosha, maana uhai wa mashine hizi umo humo. Mengi ya haya nimeyaona na kuyapima mwenyewe, na naamini yatamfaa fundi yeyote aliye mbali na maduka makubwa.

Aliyenifunza zaidi ni Maalim, mzee wa Mkomani. Kwao kumehifadhiwa makaratasi ya tenzi na dua yaliyoandikwa kwa hati za Kiarabu, kwa wino mweusi na mwekundu, mengine yameliwa na mchwa pembeni. Aliamua kuyapitisha yote kwenye skana kabla hayajaisha, kisha ayanukuu kwa herufi za Kirumi, ubeti baada ya ubeti. Kompyuta yake ya mapajani ilikuwa na RAM ya gigabaiti 4. Akiandika tu, ilikwenda bila taabu. Akifungua picha za makaratasi ili asome huku anaandika, kishale kilikwama, taa ya diski ikawaka bila kuzima, na herufi alizozipiga zikakawia mno, kisha zikatokea zote kwa mkupuo.

Mpwa wake alikuwa ameshajaribu kumsaidia. Aliingia kwenye mipangilio ya Windows akalikuza faili la pagefile.sys, lile lililofichwa kwenye diski C ambamo mfumo huweka kurasa za kumbukumbu zilizotolewa katika RAM. Alilikuza maradufu. Mashine haikubadilika hata kidogo.

"Mwanangu," Maalim akaniuliza, "mbona nimeongezewa kumbukumbu, na shida ni ile ile?"

Nilimwambia: hukuongezewa kumbukumbu ya kufanyia kazi, Maalim, umeongezewa mahali pa kuweka usivyovifanyia kazi. Akataka nimfafanulie, na nikaketi kitako nikamweleza, kwa sababu mtu anayesoma hati zilizofifia hashindwi kuelewa jambo hili.

Programu haishiki RAM moja kwa moja. Kila programu hupewa anwani zake, kana kwamba kumbukumbu yote ni yake peke yake, na anwani hizo hukatwa vipande vya ukubwa mmoja viitwavyo kurasa. Kwenye prosesa za kawaida za Intel na AMD ukurasa mmoja ni baiti 4,096. Mfumo endeshi huweka jedwali linaloonyesha kila ukurasa uko wapi katika RAM, au kwamba haumo. Programu ikigusa ukurasa usiomo, prosesa huisimamisha. Mfumo endeshi huingia kati, huutafuta ukurasa diskini, huuleta katika RAM, hurekebisha jedwali, na programu huendelea pale pale ilipoachia, haina habari kwamba ilisimamishwa. RAM ikiwa imejaa, sharti ukurasa mwingine utolewe kwanza, na mfumo hujitahidi kuchagua ule ambao haujaguswa kwa muda mrefu.

Wazo hili lilitekelezwa zamani, kwenye mashine ya Atlas ya Chuo Kikuu cha Manchester iliyozinduliwa Desemba 1962. Kumbukumbu yake ya haraka ilikuwa na nafasi ya maneno elfu 16 na ushei, na nyuma yake kulikuwa na ngoma ya sumaku ya maneno elfu 98. Kabla ya hapo, aliyetaka kuandika programu kubwa alilazimika kuikata mwenyewe na kupanga kila kipande kipakiwe lini, kazi iliyowamaliza watu. Tom Kilburn na wenzake waliifanya mashine yenyewe ihamishe kurasa za maneno 512 kati ya ngoma na kumbukumbu, na mwandishi wa programu akaona ghala moja tu. Uungwana wa wazo hilo haujanitoka moyoni. Lilimwondolea binadamu mzigo likaupa mfumo, na hadi leo kijana anayeandika programu yake ya kwanza Lamu anaishi ndani ya neema ile bila kuijua.

Lakini ghala hilo moja lina upande wa karibu na upande wa mbali, na hapo ndipo shida ya Maalim ilipokuwa. Chukua duka la jumla hapa mjini. Chumba ni chembamba, rafu ni chache, na bohari iko Mokowe, ng'ambo. Mwenye duka huweka rafuni yanayotoka kila siku, mchele, unga, sukari, mafuta. Kamba na nyavu zinazoulizwa mara chache hubaki bohari. Duka la namna hiyo huuza vizuri sana. Sasa waje wateja wengi kwa pamoja, kila mmoja anataka kilichoko Mokowe, na ili kiletwe lazima kiondolewe rafuni kitu ambacho mteja anayefuata anakitaka. Boti zitavuka kutwa na dukani hapatauzwa kitu. Mpwa wa Maalim alikuwa amejenga bohari kubwa zaidi Mokowe. Na hapo Mokowe ni karibu mno. RAM hujibu kwa nanosekunde 100 hivi. Diski ya kuzunguka huhitaji milisekunde 10 hivi, yaani mara laki moja. Kama kuchukua kitu rafuni ni sekunde moja, boti ya kwenda bohari ingechukua zaidi ya saa 27. Na hilo halitokani na ubovu wa diski. Diski ya kompyuta ya mapajani huzunguka mara 5,400 kwa dakika, ambayo ni mara 90 kwa sekunde, kwa hiyo kusubiri nusu mzunguko peke yake ni milisekunde 5 na zaidi, kabla hujahesabu muda wa kichwa kusogea mahali pake.

Mwaka 1968 Peter Denning, mtaalamu wa kompyuta, alilichambua jambo hili kwa namna ambayo mpaka sasa sijaona iliyo bora. Alisema kila programu, kwa kipindi fulani cha karibuni, ina kundi la kurasa inazozigusa kweli. Jumla ya makundi hayo ikitosha katika RAM, mashine huenda. Jumla ikizidi RAM, hata kwa kidogo, kasi haipungui taratibu. Inaporomoka ghafla, kwa kuwa kila ukurasa unaoletwa unaufukuza mwingine utakaohitajika muda si mrefu. Tiba aliyoionyesha ni kupunguza kazi zinazokwenda kwa pamoja au kuongeza RAM. Kukuza nafasi ya diski hakumo.

Kwa hiyo mimi siku hizi sitazami kwanza swapu, yaani nafasi ya diskini inayopokea kurasa zilizotolewa katika RAM, imejaa kiasi gani. Natazama safari. Kwenye Linux naandika vmstat 1, na kila sekunde safu mbili, si na so, zinaniambia ni kiasi gani kimeingia kutoka swapu na kiasi gani kimetoka kwenda huko. Kwenye Windows, kifuatiliaji cha rasilimali kina safu inayohesabu mara ngapi kwa sekunde ukurasa umebidi uletwe kutoka diskini. Nimeona mashine zenye gigabaiti nzima ndani ya swapu zikienda kwa utulivu kabisa, safu zote mbili zikisoma sifuri, kwa sababu kilichowekwa huko kilikuwa hakihitajiki na mtu. Na nimeona mashine yenye megabaiti 300 tu kwenye swapu ikiwa haifai hata kuandikia barua, kwa kuwa hizo 300 zilikuwa zikienda na kurudi bila kupumzika. Anayepima ujazo peke yake ataiponya ya kwanza ambayo haiumwi na kuiacha ya pili.

Kwa Maalim hesabu ilikuwa wazi tulipoikalia. Karatasi ya A4 iliyopigwa kwenye skana kwa nukta 600 kwa inchi ina nukta 4,960 kwa 7,016. Rangi kamili ni baiti 3 kwa kila nukta, basi picha moja ikifunguliwa inakula megabaiti 104. Faili lake diskini linaweza kuwa dogo sana kwa sababu limebanwa, na hilo ndilo huwapoteza wengi. Katika RAM hukaa likiwa limefunguliwa lote. Maalim alikuwa akilinganisha nakala mbili za utenzi mmoja, kwa hiyo alifungua makaratasi mengi kwa wakati mmoja, kumi na zaidi. Hapo gigabaiti imekwisha kupita, na bado kuna Windows yenyewe, kivinjari, na programu ya kuandikia.

Nilipendekeza tutengeneze nakala za kusomea, nukta 300 kwa inchi na rangi ya kijivu, ambazo zingekula chini ya megabaiti 9 kila moja, huku zile za asili zikihifadhiwa bila kuguswa. Alikataa rangi ya kijivu.

"Wino mwekundu si pambo, mwanangu. Ndio unaoniambia kipande kimekatika wapi."

Alikuwa na haki. Tukabaki na rangi kamili kwa nukta 300, megabaiti 26 kila karatasi, robo ya ilivyokuwa. Nikamwomba pia afungue zile tu za beti anazozinukuu na kufunga zilizokwisha. Bila kutoa hata shilingi, taa ya diski ilitulia na herufi zikaanza kutokea pale pale anapozipiga. RAM ya kuifikisha mashine gigabaiti 8 ilikuja baadaye, alipopata fedha.

Kuna ushauri unaosambaa sana miongoni mwa mafundi vijana ambao naupinga waziwazi: kwamba swapu hupunguza kasi, hivyo izimwe. Nauelewa unakotoka. Mtu anaona taa ya diski inawaka, anaizima swapu, anadhani amemaliza shida. Lakini kurasa zilizomo katika RAM ni za aina mbili. Zipo zilizotoka kwenye faili, kama msimbo wa programu zenyewe. Hizo mfumo unaweza kuzitupa wakati wowote, ukizihitaji utazisoma tena kutoka faili lake. Na zipo zisizo na faili nyuma yake, yale ambayo programu imeyatengeneza ikiwa kazini: maandishi ambayo hayajahifadhiwa, picha iliyofunguliwa, hesabu za katikati. Hizi, bila swapu, hazina pa kwenda. Zitabaki zimekaa katika RAM hata kama hazijaguswa tangu asubuhi. RAM ikibanwa, mfumo utalazimika kutupa msimbo wa programu unazozitumia sasa hivi, kisha usome upya, kisha utupe tena. Diski inawaka vile vile, na safari hii hata swapu ya kulaumiwa haipo. Hali ikizidi, kiini cha Linux huchagua programu moja na kuiua ili kuokoa zilizobaki. Fikiria saiba usiku wa tarehe 30 Juni, siku ya mwisho ya kuwasilisha ripoti za kodi ya mapato, foleni imefika barazani, na kivinjari kinajifunga mteja akiwa katikati ya fomu. Swapu ndogo inayopokea kurasa zilizolala ingeliepusha hilo.

Ukubwa wake basi? Kanuni ya zamani ya kuweka maradufu ya RAM ilitoka zama za RAM ndogo sana, na sioni sababu ya kuishika kwa meno. Kwa mashine ya Linux yenye gigabaiti 4 naweka swapu ya gigabaiti 4, nikijua pia kwamba mwenye kutaka kuilaza mashine kwa kumwaga RAM yote diskini kisha kuzima umeme anahitaji nafasi ya karibu na RAM aliyo nayo. Kwenye Windows naliacha pagefile.sys lisimamiwe na mfumo wenyewe, na juhudi yangu naielekeza kwenye kuhakikisha diski C ina nafasi. Hili la nafasi lina uzito kuliko watu wanavyodhani. Diski ya gigabaiti 128 ikijaa video za harusi, faili hilo haliwezi kukua, na programu huanza kufungwa kwa ujumbe wa upungufu wa kumbukumbu. Kuhamisha video kumetosha kuponya mashine ambazo wenyewe walikuwa tayari kuzitupa.

Kuna na jambo la bahari. Hewa ya hapa ina chumvi na unyevu, na inakula miguu ya kadi za RAM pole pole. Mashine yenye kadi mbili za gigabaiti 2 huanza kuona moja tu, mwenyewe hajui, anaona tu kwamba mwaka huu imekuwa nzito na diski haitulii. Kabla ya kuzungumzia swapu, naangalia mashine inasoma RAM kiasi gani, halafu nafungua mfuniko, naitoa kadi, nasugua miguu yake kwa kifutio cha penseli taratibu mpaka ing'ae, nairudisha. Hakuna mpangilio wowote wa mfumo endeshi utakaoshinda gigabaiti 2 zilizorudi mahali pake.

Diski za SSD, zisizo na kitu kinachozunguka ndani, zimebadilisha mengi. Husoma ukurasa kwa karibu sehemu moja ya kumi ya milisekunde, mara mia haraka kuliko za kuzunguka, kwa hiyo mashine ile ile yenye RAM ile ile inavumilika hata inapoelemewa. Bado ni mara elfu polepole kuliko RAM, na kwa hiyo mtu akiniuliza anunue kipi kwanza, nampimia safari kabla ya kumjibu. Kama kurasa zinakwenda na kurudi kazi yake ikiwa ya kawaida, namwambia RAM. Kama zinatulia na mashine ni nzito wakati wa kuwaka na kufungua programu tu, namwambia SSD. Wanaohofia kwamba swapu itaimaliza SSD, hesabu ni hii: swapu ikiandika gigabaiti 5 kila siku, mwaka mzima ni chini ya terabaiti 2, na SSD za kawaida hukadiriwa kuvumilia makumi ya terabaiti. Flashi na kadi za simu ni habari nyingine. Humo siweki swapu kamwe.

Kwa zile zenye gigabaiti 2 ambazo haziwezi kuongezwa, msaada wangu mkubwa umekuwa zram, iliyoingia rasmi katika kiini cha Linux mwaka 2014. Badala ya kuupeleka ukurasa diskini, mfumo huubana na kuuweka katika pembe ya RAM yenyewe. Mara nyingi kurasa mbili au tatu hukaa katika nafasi ya moja. Prosesa hufanya kazi zaidi kidogo, lakini kubana na kufungua ukurasa ni jambo la mikrosekunde, na ukilinganisha na diski ya kuzunguka hiyo ni nafuu kubwa mno. Mac zimekuwa zikibana kumbukumbu tangu 2013, na Windows 10 nayo hufanya hivyo bila kuombwa. Kwenye mashine ya zram naongeza thamani ya swappiness, namba inayouambia mfumo uwe mwepesi kiasi gani kupeleka kurasa kwenye swapu, ambayo kwa kawaida ni 60, na ambayo tangu toleo la 5.8 la kiini cha Linux la mwaka 2020 inaweza kufika 200, ili mfumo usisite kubana. Kwenye mashine nyingine siigusi. Vijana hunakili thamani ya 10 kutoka huku na huko bila kupima chochote kabla wala baada, na hapo hujui umesaidia au umeharibu.

La mwisho linanigusa kwa sababu ya watu wanaoniamini. Kilichokuwa katika RAM hupotea umeme ukizimwa. Kilichopelekwa kwenye swapu hubaki diskini, hata baada ya kuzima. Katika saiba watu huandika nywila, namba za vitambulisho, barua za mahakamani, majibu ya hospitali, na mfumo unapozisukuma kurasa haujui zipi ni siri. Ndiyo maana faili la swapu kwenye Linux hupewa ruhusa ya 600, ili asilisome mtumiaji mwingine yeyote, lakini ruhusa hiyo haina maana yoyote diski ikishachomolewa na kuchomekwa kwenye mashine nyingine. Kompyuta zote za kutumiwa na wengi ninazozitengeneza huwa nazifungia swapu kwa ufunguo wa kubahatisha unaoundwa upya kila mashine inapowaka, kazi ya mistari michache katika /etc/crypttab na /etc/fstab. Windows nayo ina mpangilio wa kulifunga pagefile.sys kwa siri, na mwingine wa kulifuta mashine inapozimwa, ingawa huo wa pili huchelewesha kuzima. Na diski ya kuzunguka inayotoka dukani kwangu kwenda kuuzwa, naiandika juu sifuri kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kwa diski ya gigabaiti 500 huchukua saa kadhaa, kwa hiyo naianzisha jioni kabla ya kufunga duka, na mnunuzi anaijia kesho yake.